Jino la Mtoto Likicheza: Lini Tusubiri, Lini Twende Kituoni Haraka

Jioni moja mtoto wako wa miaka sita anakuja mbio, anafungua kinywa na kukuambia, "Mama, jino linacheza." Unacheka, unamwambia anakua. Baada ya siku chache jino linatoka, analirusha juu ya paa kama watoto wenzake, na mambo yamekwisha. Katika nyumba nyingi za Rhino Camp, Imvepi na Lobule, na katika vijiji vya wenyeji wetu wa Arua na Koboko, hadithi huishia hapo. Ndivyo inavyotakiwa.

Lakini umri huu ambao meno ya utoto hulegea ndio pia umri ambao ugonjwa mmoja hatari wa taya huwapata baadhi ya watoto wa sehemu hizi. Mwanzoni dalili zake zinaweza kufanana na jino la kawaida linalotoka, au na jipu la jino. Mzazi husubiri, kwa sababu haoni jambo la ajabu. Ugonjwa wenyewe hausubiri.

Katika makala hii tunakueleza sababu zinazofanya meno kulegea au taya kwenda upande. Nyingi ni za kawaida na zina matibabu hapa hapa. Tunakueleza pia jinsi ya kuitambua ile moja ambayo haitaki kupoteza hata juma moja.

JINO LINALOTOKA KWA WAKATI WAKE

Mtoto ana meno ya utoto 20. Huanza kulegea akiwa na miaka sita hivi, na kazi hiyo huendelea mpaka miaka 12. Meno yana utaratibu wake wa kutoka:

- Miaka 6 hadi 7: meno mawili ya mbele, mara nyingi ya chini kwanza, kisha ya juu.
- Miaka 7 hadi 9: meno yaliyo pembeni ya hayo ya mbele.
- Miaka 9 hadi 12: chonge na magego ya utoto.

Jambo moja huwachanganya wazazi wengi. Karibu na miaka sita, gego kubwa la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa ya meno mengine. Halisukumi jino lolote, hutokea mahali palipokuwa wazi. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano au sita anapolegea magego, wakati meno ya mbele bado yamekaa imara, huo si utaratibu wa kawaida. Kumbuka neno hili, tutalirudia.

Jino linalotoka kwa wakati wake hulegea pole pole, moja au mawili kwa wakati mmoja. Ufizi una rangi yake ya siku zote. Shavu halivimbi. Mtoto anakula, anacheza, analala. Ukiona jino jipya linachungulia nyuma ya jino la zamani, usihangaike. Mara nyingi la zamani hutoka lenyewe. Likikaa miezi miwili au mitatu bila kutoka, mwonyeshe mhudumu wa meno.

SABABU NYINGINE ZA JINO KULEGEA AU TAYA KWENDA UPANDE

1. Jino lililooza na jipu. Hii ndiyo sababu tunayoiona sana. Jino limetoboka, wadudu wa ugonjwa wameingia mpaka kwenye mzizi, usaha unakusanyika. Mtoto analia kwa maumivu usiku, ufizi ni mwekundu, shavu linavimba na lina joto. Jino linaweza kucheza. Matibabu ni kuondoa usaha na kushughulikia jino lenyewe. Kumeza vidonge vilivyobaki nyumbani hakutoshi. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, au mgonjwa akishindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, nenda kituoni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

2. Ugonjwa wa fizi. Huu ni wa watu wazima zaidi. Uchafu unaogandamana kwenye meno hula mfupa unaoyashika. Fizi zinatoka damu, kinywa kinanuka, meno yanaachana na kuanza kucheza. Tumbaku na ugonjwa wa kisukari huuongeza. Mswaki wa dukani au wa mti, ukitumiwa asubuhi na usiku kabla ya kulala, ndio kinga ya kwanza.

3. Kuumia. Watoto huanguka kutoka kwenye miembe, wakubwa huanguka na boda boda. Meno ya juu na ya chini yasipokutana kama zamani baada ya kuanguka, taya inaweza kuwa imevunjika. Funga taya kwa kitambaa kinachozunguka kidevu na kichwa, bila kukaza sana, kisha nenda kituoni. Jino la ukubwani likitoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Lisuuze kidogo kwa maji safi bila kulisugua, lirudishe mahali pake au liweke kwenye maziwa, kisha kimbia kituoni. Saa moja ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa. Jino la utoto likitoka kwa kuanguka halirudishwi.

4. Taya kufyatuka. Mtu anapiga mwayo mkubwa au anacheka sana, kinywa kinabaki wazi, hawezi kukifunga wala kusema vizuri. Usimpige kidevu na usilazimishe. Mhudumu aliyefundishwa anaweza kuirudisha taya kwa mikono yake kwa muda mfupi.

5. Taya kukaza. Mtu mwenye kidonda, au mtoto mchanga ambaye kitovu chake kilikatwa kwa kitu kichafu, anashindwa kufungua kinywa. Mwili unakakamaa na kushtukashtuka. Hiyo inaweza kuwa pepopunda, ugonjwa unaoua. Mpeleke mara moja. Kinga yake ni chanjo, kwa mtoto na kwa mama mjamzito.

6. Taya kupinda baada ya kunywa dawa. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, zinaweza kufanya taya ipinde upande, ulimi utoke nje, shingo igeuke na macho yatazame juu. Hutokea ndani ya saa au siku chache baada ya kuanza dawa. Watu huogopa na kusema ni pepo. Nenda kituoni na uchukue pakiti ya dawa uonyeshe. Ipo sindano inayotuliza hali hiyo upesi.

7. Kusaga meno usingizini. Watoto wengi husaga meno usiku. Sauti yake inatisha, lakini kwa kawaida huisha wenyewe kadiri wanavyokua. Kama meno yanalika au taya inauma asubuhi, mwonyeshe mhudumu.

8. Kuchimba "meno ya uongo". Katika sehemu nyingi za Uganda na nchi jirani, mtoto mchanga akiharisha na kuwa na homa, watu humwangalia kwenye fizi. Wakiona sehemu nyeupe iliyoinuka, husema ni meno mabaya yanayomuua. Tanzania huitwa meno ya plastiki au ya nailoni. Kisha huyachimba kwa kisu, sindano au waya. Ukweli ni kwamba ile nyeupe ni chonge ya mtoto inayojiandaa kuota. Kuichimba huleta kutoka damu, usaha na hata pepopunda, na baadaye meno ya ukubwani yanaweza kuota kombo au kukosekana. Kuharisha kunatibiwa kwa maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, vidonge vya zinki na kuendelea kunyonyesha. Homa ipimwe malaria.

Sababu zote hizo wahudumu wetu huzishughulikia au huwapa wagonjwa rufaa. Sasa tuje kwenye ile ambayo haipaswi kusahaulika.

UGONJWA WA TAYA UNAOITWA BURKITT

Ni saratani, yaani kansa, ya chembe za damu zinazolinda mwili. Kwa watoto wa Afrika, hasa wadogo, mara nyingi huanzia kwenye taya. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na tisa, wavulana zaidi kuliko wasichana. Ni saratani inayokua haraka kuliko karibu zote zinazojulikana. Chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Jambo jema ni kwamba ni mojawapo ya saratani zinazosikia dawa vizuri sana. Mtoto anayefikishwa mapema na kumaliza matibabu anaweza kupona kabisa.

Dalili huanza hivi. Magego yanalegea, zaidi ya moja, upande mmoja au pande zote mbili. Meno yanaonekana yamesogea, yamesukumwa nje ya safu. Ufizi unanenepa kuzunguka meno hayo. Mara nyingi hakuna maumivu mwanzoni, na hilo ndilo linalodanganya wazazi. Kisha shavu au taya inavimba, na baada ya siku chache unaona tofauti na juma lililopita. Uvimbe ukiwa kwenye taya ya juu, jicho linaweza kusukumwa nje.

Kwa watoto wengine huanzia tumboni. Tumbo linavimba, mtoto anakonda mikono na miguu. Wengine hulegea miguu ghafla, wakashindwa kutembea au kukojoa. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa sababu uti wa mgongo unabanwa, na kila saa inayopita hupunguza nafasi ya mtoto kutembea tena.

UGONJWA HUU UNAIJUA WEST NILE, NA WEST NILE INAUJUA

Huenda unafikiri kwamba hii ni habari ya mbali. Si ya mbali. Mengi ambayo dunia inayajua kuhusu ugonjwa huu yalijulikana kutokana na watoto wa Uganda, na wengi wao walikuwa wa West Nile.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Hakuelewa. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyo hiyo, naye alikuwa na uvimbe tumboni pia. Hapo akatambua kwamba ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika habari zake katika jarida la madaktari, na baadaye ugonjwa ukaitwa kwa jina lake.

Kusini mwa mji wa Arua, kwenye barabara ya kwenda Nebbi, ipo hospitali ya Kuluva. Daktari wake wa wakati ule, Ted Williams, alikuwa akiwaona watoto wa namna hiyo na kuandika kumbukumbu zao kwa uangalifu. Mwezi wa Oktoba 1961, Burkitt, Williams na daktari mwenzao Clifford Nelson waliingia kwenye gari kuukuu aina ya Ford. Walisafiri majuma kumi, kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika. Katika kila hospitali waliuliza swali moja: mmewaona watoto wenye uvimbe huu? Walikuta kwamba ugonjwa uko katika nchi za joto na mvua, na ni haba kwenye milima mirefu yenye baridi. Ramani ya ugonjwa ilifanana na ramani ya malaria.

Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kirusi kipya ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Kirusi hicho kinaitwa Epstein-Barr. Ili kujua kama kinatangulia ugonjwa au kinafuata baadaye, watafiti walirudi West Nile. Katika miaka ya 1970 walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa eneo hili, wakawafuatilia. Kufikia mwaka 1978, ripoti yao ilionyesha kwamba watoto 14 kati ya hao walikuwa wamepata saratani ya Burkitt, na kwamba kirusi kilikuwamo mwilini kabla ya ugonjwa kuanza.

Tazama tena hesabu hiyo, ndugu msomaji: watoto 14 kati ya 42,000. Ugonjwa huu ni wa nadra. Hatukuandiki ili kila jino likuogopeshe. Mtoto wako mwenye jino la mbele linalocheza karibu hakika ni mzima. Lakini kwa wale wachache, wazazi wao kujua dalili au kutozijua ndiko kulikoamua mambo mengi.

UNATOKANA NA NINI?

Kirusi cha Epstein-Barr huenea kwa mate, na karibu kila mtoto wa sehemu zetu hukipata akiwa bado mdogo. Kwa wengi hakileti madhara yoyote. Lakini malaria inapompiga mtoto mara kwa mara, hudhoofisha ulinzi wa mwili unaokibana kirusi hicho, na huzisukuma zile chembe za damu ziongezeke ovyo. Katika kuongezeka huko, chembe moja inaweza kuharibika na kuanza kuzaana bila kukoma. Watu wenye virusi vya UKIMWI nao wana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani hii.

Kwa hiyo neti unayomlaza mtoto chini yake inafanya kazi mbili. Inamkinga na homa ya leo, na inampunguzia hatari hii ya taya. Mpime malaria mara homa inapoanza na umalizie dozi. Mwezi wa Aprili 2025 Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto wachanga. Uliza kituoni kama mtoto wako anafaa kuipata, na endelea kutumia neti hata baada ya chanjo.

SIKU ZINAPOTEAJE?

Tuchukue mfano. Mama mmoja anaona magego mawili ya mwanawe yanacheza. Juma la kwanza anasubiri, akidhani ni meno ya utoto. Juma la pili shavu limevimba, jirani anampa dawa za jipu zilizobaki. Juma la tatu anakwenda kwa mganga, anachanjwa shavuni na kupakwa dawa. Juma la nne anamtafuta mtu wa kung'oa meno. Meno yanatoka kwa urahisi mno, damu inatoka nyingi, lakini uvimbe unazidi. Anapofika kituoni mwezi umekwisha. Uvimbe uliokuwa kama punje ya haragwe sasa ni kama embe.

Mama huyo hakuwa mzembe. Kila hatua aliyochukua, alichukua kwa kumpenda mtoto wake na kwa kufuata aliyoyasikia. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mapema tofauti kati ya jino linalotoka kwa wakati wake na jino linalosukumwa. Tunataka wewe uwe mtu huyo kwa jirani yako.

ANGALIA KINYWA CHA MTOTO MARA MOJA KWA JUMA

Chagua siku moja, labda siku ya kufua. Nawa mikono kwa sabuni. Mkalishe mtoto akitazama mlango wenye mwanga, au tumia tochi ya simu.

- Mwangalie uso kwanza. Mashavu yanalingana? Macho yanalingana?
- Mwambie aume meno. Ya juu na ya chini yanakutana kama siku zote?
- Mwambie afungue kinywa. Angalia fizi, mbele na nyuma, juu na chini.
- Gusa magego kwa kidole. Yanatikisika?
- Papasa tumbo akiwa amelala chali. Kuna kitu kigumu?

Nenda kituoni kesho yake asubuhi, usingoje siku ya kliniki, ukiona mojawapo ya haya:

- Magego yanacheza kwa mtoto aliye chini ya miaka tisa, na hayakuoza wala hakuanguka.
- Meno mawili au zaidi yanacheza pamoja na ufizi umenenepa.
- Shavu au taya imevimba, hata kama haiumi.
- Jicho linatokeza.
- Ulipewa dawa za jipu, siku tatu zimepita na uvimbe haujapungua.

Nenda saa hiyo hiyo kama miguu imelegea, mkojo umezuia, au mtoto anapumua kwa shida.

Ukifika, usiseme tu "anaumwa jino". Sema: "Magego yanacheza na taya imevimba, ilianza siku fulani." Maneno hayo yatamsaidia mhudumu kufikiri haraka. Ukiona hujaeleweka, uliza kwa heshima: "Inaweza kuwa saratani ya taya? Naomba rufaa." Kuuliza ni haki yako.

MATIBABU YAKOJE?

Kituo kitakupa karatasi ya rufaa ya kwenda hospitali kubwa, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua, na kutoka hapo mtoto anaweza kupelekwa mbele zaidi. Huko watachukua kipande kidogo cha uvimbe ili kukipima. Usiogope jambo hilo. Kipimo hakisambazi ugonjwa, na bila kipimo daktari hawezi kuchagua dawa iliyo sahihi.

Dawa hupitishwa kwenye mshipa, kwa awamu kadhaa, kwa majuma au miezi. Katika miaka ya 1960 Burkitt na wenzake waliona uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa siku chache tu baada ya dawa, bila upasuaji. Mwaka 1967 kilianzishwa Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huu, na hicho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mtoto anaweza kutapika, kupoteza nywele na kupata homa. Nywele zitaota tena. Homa wakati wa matibabu lazima iripotiwe upesi, kwa sababu ulinzi wa mwili unakuwa umeshuka.

MASWALI AMBAYO WAZAZI HUULIZA

Je, ugonjwa huu unaambukiza? Hapana. Mtoto anaweza kula, kulala na kucheza na wenzake. Msimtenge.

Je, ni laana au uchawi? Hapana. Umeonekana kwa watoto wa makabila na dini zote, wakimbizi na wenyeji. Kama familia inataka kuomba, iombe, na safari ya hospitali iende wakati huo huo.

Tung'oe meno kwanza? Hapana. Meno yanacheza kwa sababu uvimbe ulio chini yake unayasukuma. Kuyang'oa hakugusi chanzo, na kunaleta damu na vidonda. Usikubali pia uvimbe ukatwe au uchanjwe.

Uvimbe ukiisha baada ya dozi ya kwanza, turudi nyumbani? Hili ndilo kosa linalowarudisha watoto wengi nyuma. Uvimbe unaweza kuisha machoni huku chembe zake zimebaki mwilini. Zikirudi, huwa ngumu zaidi kutibu. Maliza awamu zote, hata kama mtoto anacheza mpira.

Nina watoto wengine, nitawaacha na nani? Tunajua hilo ndilo jambo gumu kuliko dawa zenyewe. Kabla ya kuondoka, zungumza na mwenyekiti wa bloku na mhudumu wa afya wa kijiji. Taja mtu unayemwamini atakayebaki na watoto na kuwachukulia mgao wa chakula, ili usipotee. Uliza kituoni jinsi usafiri wa rufaa unavyopangwa. Chukua karatasi ya familia, kadi ya chanjo ya mtoto, karatasi ya rufaa, blanketi, kikombe, sahani na nguo za kubadilisha. Wanaume, msiwaachie akina mama peke yao. Baba mmoja anayebaki nyumbani na kupika anaweza kuwa ndiye aliyewezesha mtoto kumaliza matibabu.

Kama siwezi kusoma? Mwombe anayesoma akusomee makala hii kwa sauti, kanisani, msikitini, kwenye bomba la maji au kwenye foleni ya mgao.

Ndugu msomaji, jino la mbele linalocheza kwa mtoto wa miaka sita liache litoke lenyewe. Magego yanayocheza kwa mtoto huyo huyo, pamoja na ufizi ulionenepa au shavu lililovimba, yapeleke kituoni kesho asubuhi. Ikionekana ni jipu tu, utarudi na dawa na moyo uliotulia, na hakuna mhudumu atakayekulaumu kwa kuja. Leo jioni, kabla mtoto hajalala, chukua tochi umwangalie.